Tumuuzie nani? Maswali yenu kuhusu dola, reli na wakubwa wa dunia

Habari zenu wa Mbeya, wa Iringa, wa Njombe na nyie wa Songwe mnaolalamika kila toleo kwamba mnasahaulika. Mwezi huu maswali karibu yote yamekuja ya mambo ya dunia, sijui ni hii baridi imewafungia ndani na redio au vipi. Yaliyofanana nimeyaunganisha. Yule aliyeuliza nani atashinda vita ya tatu ya dunia anisamehe tu, hii safu ni ya bei za vitu, unabii una watu wake.

SWALI: Shikamoo mzee wa safu. Mi ni mchimbaji mdogo huku Chunya. Miaka hii mitatu minne bei ya dhahabu inapanda tu, wenzangu duarani wanasema ni Warusi na Wachina wananunua ili waiue dola. Ni kweli dola inakufa? Na bei itaendelea kupanda maana nataka kukopa ninunue karasha la kusagia mawe. (Mchimbaji, Chunya)

JIBU: Marahaba mwanangu. Hao wenzako hawajakosea sana, ila stori wameianzia katikati.

Ianzie Februari 2022. Urusi imeingia Ukraine, na siku chache tu baadae Marekani, Ulaya na wenzao wakazuia akiba ya benki kuu ya Urusi iliyokuwa imekaa kwenye mifumo yao, kama dola bilioni 300 hivi. Pesa ipo, ila mwenyewe haruhusiwi kuigusa. Sasa we jiweke kwenye kiti cha gavana wa benki kuu ya nchi ambayo kesho au keshokutwa inaweza kukorofishana na Washington, utajiuliza, hii akiba yangu niliyoiweka kwa watu, siku tukinuniana si itafungiwa na yangu? Niweke nini ambacho hakuna mtu wa kukibonyezea kitufe? Jibu la zamani ni hilo unalolichimba, maana dhahabu ikiwa kwenye stoo yako mwenyewe chini ya ardhi hakuna wa kuizuia mpaka aje na jeshi. Ndo maana mwaka 2022, 2023 na 2024 benki kuu za dunia zilinunua zaidi ya tani 1,000 kila mwaka. Na sio China peke yake, Uturuki wamo, India wamo, na mwaka 2024 aliyeongoza kununua ni Poland, ambaye ni mwanachama wa NATO na rafiki mkubwa wa Marekani, kwa hiyo ile hadithi ya kwamba ni maadui wa dola tu wanaokusanya dhahabu haijakaa sawa. Hata marafiki wanaogopa. Mwanzoni mwa 2022 wakia moja, yani gramu 31 na kidogo, ilikuwa inacheza kwenye dola 1,800. Oktoba 2025 ikavuka 4,000.

Hapo ndo na sisi tumeingia. Sheria ya madini inamtaka mwenye dhahabu atenge asilimia 20 kwa ajili ya viwanda vya kusafisha humu ndani, na Benki Kuu yetu inanunua kwa shilingi na kuiweka kama akiba ya nchi. Kwa hiyo ukisikia mambo ya mataifa makubwa kuachana na dola usidhani yako Beijing na Moscow tu, yanapita kwenye mzani wa soko la madini hapo Chunya.

Afu kwenu wala sio mara ya kwanza. Mwaka 1934 Rais Roosevelt alipandisha bei ya dhahabu kutoka dola 20.67 kwa wakia hadi 35, na miaka hiyohiyo ya 1930 ndo watu walikuwa wanamiminika kwenye machimbo ya Lupa hapo kwenu Chunya, Wazungu waliofilisika na vibarua kutoka pande zote, mji wa Mbeya wenyewe umekua mgongoni mwa dhahabu hiyo. Babu zako walikuwa wanachimba kwa bei iliyopangwa na mtu wa Washington ambaye Chunya hajawahi kuisikia.

Dola inakufa? Hapana. Imepungua. Miaka 25 iliyopita ilikuwa kama asilimia 70 ya akiba za benki kuu duniani, sasa iko chini kidogo ya 60, na hakuna pesa nyingine inayoikaribia. Mafuta yanayoingia kwenye jenereta yako yamenunuliwa kwa dola.

Kuhusu karasha la mkopo, nikupe historia uamue mwenyewe. Januari 1980 dhahabu ilifika dola 850, watu wakasema haishuki tena hii. Ikaporomoka, na ilipokuja kuifikia tena bei ile ilikuwa Januari 2008. Miaka 28. Kwa hiyo fanya hesabu ya marejesho kwa bei ya nusu ya hii ya leo, na kama hapo karasha bado linajilipa, kopa. Kama linajilipa kwa bei ya leo tu basi hilo karasha ni la benki.

SWALI: Kamwene mwandishi. Mimi ni mkulima Njombe, nina ekari tatu za parachichi za Hass. Tulitangaziwa soko la China limefunguka, tukafurahi, lakini dalali anakuja shambani na bei yake ileile, mara aseme meli zinazunguka, mara Bahari ya Shamu kuna vita. Ni kweli au anatupiga? (Mama mkulima, Njombe)

JIBU: Kamwene mama. Yote mawili. Ni kweli, na anakupiga.

Ukweli ni huu. Kuanzia Novemba 2023 Wahouthi wa Yemen walianza kushambulia meli pale Bab el-Mandeb, mlango wa Bahari ya Shamu, kwa sababu ya vita ya Gaza. Makampuni makubwa ya meli yakaacha kupita Suez yakawa yanazunguka Rasi ya Tumaini Jema kule chini Afrika Kusini, na safari ya Ulaya ikaongezeka siku kumi hadi wiki mbili. Shaba ikichelewa wiki mbili inabaki shaba. Parachichi likichelewa wiki mbili kwenye kontena la ubaridi linafika Rotterdam limeshaanza kulainika, mnunuzi anakata bei au anakataa kontena zima, na bima nayo imepanda. Kwa hiyo dalali aliyekupa hiyo hadithi msimu wa 2024 alikuwa na hoja.

Sasa kupigwa. Muulize swali moja tu, huu mzigo unaenda wapi? Kama ni Ulaya kwa meli, sawa, mjadala upo. Kama ni Dubai, meli inakatiza Bahari ya Hindi inaingia Ghuba, Bab el-Mandeb haipiti. India, haipiti. China, haipiti hata kidogo. Na kama mzigo wako unapakiwa kwenye gari kwenda Nairobi au sokoni Dar, basi Wahouthi wanaingiaje kwenye bei ya parachichi la Njombe? Muulize hivo na umwangalie usoni.

Kuhusu China. Makubaliano ya parachichi yalisainiwa Novemba 2022 Rais Samia alipokwenda Beijing, na tangu tarehe 1 Desemba 2024 China imeondoa ushuru wote kwa bidhaa za nchi maskini zaidi ilizo na uhusiano nazo, na sisi tumo. Watu wakasikia "ushuru sifuri" wakadhani mlango umefunguka. Mlango wa matunda haufungwi na ushuru mama yangu, unafungwa na mdudu. Shamba lisajiliwe, kiwanda cha kufungashia kikaguliwe, inzi wa matunda asionekane, kumbukumbu za dawa ulizopiga ziwepo, na tunda lijulikane limetoka shamba gani. Wakimkuta mdudu mmoja kwenye kontena moja wanaweza kusimamisha shamba na kiwanda chote. Mtu mwenye ekari tatu peke yake hawezi hayo, ila ekari tatu zako na za majirani mkijisajili kama kikundi mnaweza, na pa kuanzia ni ofisi ya TPHPA, ile mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Na jamani muache kuvuna changa! Dalali akija mapema na pesa mkononi mnamuangushia matunda ambayo hata hayajashiba mafuta, yakifika huko hayaivi yanasinyaa, afu jina linaloharibika ni la Njombe na Rungwe nzima.

Niongeze kitu ambacho hatukizungumzi. Mnafikiri mshindani wenu ni Rungwe au Iringa. Mshindani wenu ni Peru. Peru anauza parachichi China muda mrefu tu, na Novemba 2024 amefunguliwa bandari mpya ya Chancay, imejengwa na kampuni ya meli ya China, Cosco, ili meli ziende Shanghai moja kwa moja. Amerika Kusini hiyo, ambako Wamarekani walizoea kupaona kama uani kwao. Hivyo vigogo wakigombania bandari huko, wewe unaumia bei huku, na wala hakuna aliyekukusudia.

SWALI: Mi nauza nguo na vifaa vya simu Mwanjelwa, mzigo natoa China kupitia mtu wa Kariakoo. 2024 dola ilipanda mzigo ukapanda. Ikashuka, mzigo haujashuka. Kwanini? Na naweza kulipa kwa yuan niachane na dola? (Dada wa Mwanjelwa, Mbeya)

JIBU: Dada, dola 2024 ilivuka shilingi 2,700 halafu mwisho wa mwaka ikarudi chini kwa kasi. Huyo mtu wako alinunua mzigo kwa dola ya juu, hawezi kukuuzia kwa dola ya chini mpaka auishe, hiyo mara ya kwanza muelewe. Mara ya pili na ya tatu hiyo ni faida yake, tafuta mwingine muwe mnalinganisha. Na akikupa bei kwa dola mkumbushe kwamba kanuni za Machi 2025 zimekataza kutangaza na kulipa bei kwa fedha za kigeni humu nchini.

Yuan, ndio, benki kadhaa zinafanya. Faida unaiona kama muuzaji wa Guangzhou anakubali bei kwa yuan tangu mwanzo, maana vinginevyo unalipa gharama ya kubadilisha mara mbili. Omba bei zote mbili ulinganishe. Usifanye kwa ajili ya siasa.

SWALI: Hivi mpaka leo Tanzania tunasubiri nini kujiunga BRICS? Ethiopia wameingia, Misri wameingia, Uganda wamekuwa nchi mshirika, sisi tumekaa tu. Tunaogopa Wazungu? (Mwanafunzi wa chuo, Iringa)

JIBU: Mwanangu, BRICS, yani umoja wa Brazil, Urusi, India, China, Afrika Kusini na waliojiunga baadae, sio chama kinachogawa pesa mlangoni. Hakuna pesa yao ya pamoja mpaka sasa, hakuna soko la pamoja, India na China wenyewe walipigana mpakani mwaka 2020 watu wakafa. Wana benki yao Shanghai, ipo, inakopesha, na ukikopa unalipa kama kwingine.

Halafu hilo la kuogopa Wazungu, soma historia ya nchi yako kidogo. Mwaka 1965 Ujerumani Magharibi ilitukatia msaada wa kijeshi kwa sababu ya uhusiano wetu na Ujerumani Mashariki, Nyerere akawaambia basi chukueni na uliobaki wote. Desemba mwaka huohuo tukavunja uhusiano na Uingereza kwa ajili ya Rhodesia, Zimbabwe ya sasa, na mkopo wao wa pauni milioni 7.5 ukaganda. Nchi ilikuwa na miaka minne tu tangu uhuru. Kutofungamana na upande wowote haikuwa woga, ilikuwa gharama na tuliilipa. Leo tunafanya kwa utulivu zaidi, unamuuzia kila mtu na hujifungi kwa mtu mmoja, na mi binafsi sioni tumepoteza nini. Niambie ni kitu gani mkulima wa Kilolo angepata tukiwa BRICS ambacho hakipati sasa, nikikiona nitakiandika hapahapa.

SWALI: Mi wa Kyela mpakani Kasumulu. Mnasema sana Marekani na China, mbona hamsemi ya Malawi na Afrika Kusini? (Mfanyabiashara wa mchele)

JIBU: Ndaga fijo kwa kutukumbusha. Kwa wasiojua, Machi 2025 Malawi ilizuia kuingiza baadhi ya mazao ukiwemo mchele, unga, tangawizi na ndizi, na Afrika Kusini ilikuwa imeizuia ndizi yetu kwa miaka. Aprili Bashe, waziri wa kilimo wa wakati huo, naye akafunga mlango kwa mazao yao wote wawili, tofaa za Afrika Kusini zikakosa kuingia, na haikupita muda wakakaa mezani zuio likaondolewa. Nchi zote hizi ziko SADC ambako kuna eneo huru la biashara, kwenye karatasi. Somo nalolitoa hapo ni kwamba Malawi hana bahari, anahitaji barabara yetu na bandari yetu, na sisi tunahitaji walaji wake. Kilo ya mchele wa Kyela inaathiriwa na kikao cha Dodoma na Lilongwe kuliko mkutano wowote wa G20, kwa hiyo una haki ya kulalamika.

SWALI: Huku Songwe tuna mlima Ngualla, tunaambiwa una madini ambayo Marekani na China wanayagombania. Tutatajirika? (Kijana, Songwe)

JIBU: Yanaitwa madini adimu, na kinachotafutwa zaidi hapo Ngualla ni neodimiamu na praseodimiamu, za kutengenezea sumaku kali sana zinazokaa kwenye mota za magari ya umeme na mitambo ya upepo. China inachimba kama asilimia 60 ya madini haya duniani, lakini nguvu yake haiko kwenye kuchimba, iko kwenye kusafisha, huko ana karibu asilimia 90. Aprili 2025 Trump alipopandisha ushuru, Beijing ikajibu kwa kuweka vibali vya kuuza nje aina saba za madini haya, na viwanda vya magari Ulaya na Marekani vikaanza kuhangaika ndani ya wiki chache. Hiyo ndo silaha.

Sasa Ngualla. Ilikuwa ya kampuni ya Australia, Peak Rare Earths, na serikali yetu ina hisa asilimia 16. Mpango wa mwanzo ulikuwa mchanga usafishwe Teesside, Uingereza. Baadae wakakubaliana kuuza mchanga uliochenjuliwa kidogo kwa kampuni ya China, Shenghe, na mwaka 2025 Shenghe akainunua Peak yenyewe baada ya Wamarekani nao kujaribu kupanda dau. Ukisoma hiyo safari utaona Teesside, utaona China, Songwe unaiona kwenye sehemu ya kuchimba tu. Kugombaniwa ni nafasi ya kudai, na cha kudai ni usafishaji, mafundi, umeme, barabara ya kufika huko. Vijana wa Ludewa wanajua, mkataba wa Liganga na Mchuchuma na kampuni ya Sichuan Hongda ulisainiwa 2011, na chuma bado kiko mlimani. Kusaini sio kuchimba. Na kuchimba sio kutajirika.

SWALI: Heshima yako mkuu. Nina lori moja, nabeba mzigo Dar mpaka Tunduma na wakati mwingine navuka mpaka Copperbelt, kwenye migodi ya shaba ya Zambia. Nasikia Wachina wanafufua reli ya TAZARA, nasikia tena Wamarekani wanajenga reli ya Angola ili shaba isipite huku. Niuze lori? Au nikope tela la pili? (Dereva mwenye gari, Tunduma)

JIBU: Mkuu, umekaa sehemu ambayo wakubwa wamekuwa wakishindana tangu hujazaliwa. Mwaka 1965 Rhodesia ilipojitangazia uhuru wake, Zambia ikawa na shaba na haina pa kuipitishia. Benki ya Dunia ilishakataa kufadhili reli ya kuja kwetu, ikasema haitalipa. Mao akasema ndiyo, kwa mkopo usio na riba, na kati ya 1970 na 1975 zikajengwa kilomita 1,860 kutoka Dar hadi New Kapiri Mposhi. Ila kumbuka miaka hiyohiyo Wamarekani nao walitoa pesa kwenye sehemu ya barabara hii unayoendesha, na Waitaliano walishajenga bomba la mafuta la TAZAMA mwaka 1968. Reli ya Mchina, lami ya Mmarekani, bomba la Muitaliano, vyote vinapita ukanda mmoja huu wetu. Hawa wanaoandika leo kwamba dunia ya wakubwa wengi ni kitu kipya hawajawahi kusimama Tunduma.

Reli ilibuniwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka na haijawahi kuzifikia, matengenezo yalikuwa hafifu, injini zikaisha, mzigo ukahamia kwenu wa malori. Sasa mwaka 2025 umesainiwa mkataba wa dola bilioni 1.4 na kampuni ya China ya CCECC, wa miaka 30, ambapo miaka kama mitatu ya kwanza ni ya kukarabati. Upande wa pili ni Lobito, reli ya zamani ya Angola ya kilomita 1,300 hivi hadi mpaka wa Congo, ambayo Wamarekani wameipa mkopo wa dola milioni 553, na Biden alikwenda mwenyewe Desemba 2024. Hiyo inachukua zaidi shaba na kobalti ya Congo upande wa Kolwezi. Kipande cha kuiunganisha na Zambia bado ni mipango.

Kwa hiyo usiuze lori. Miaka mitatu ya ukarabati unabeba kama kawaida, na hata ukiisha treni haifiki getini kwa mgodi wala kwenye ghala la mbolea Mbozi, kuna mtu lazima atoe mzigo stesheni aupeleke. Safari zitakuwa fupi, pesa kwa safari itapungua, ila mafuta na matairi nayo yatapungua na mteremko wa Iwambi utaupita mara chache, ambayo kwa mama watoto ni habari njema. Kitakachokufa ni ile safari ndefu ya shaba Copperbelt hadi Dar, na hiyo ndo benki inaiangalia inapokupigia hesabu ya tela la pili kwa miaka mitano. Mkopo wa miaka miwili, chukua. Wa mitano, waambie wakusubirishe mpaka uone treni za kwanza zinapita Tunduma zimejaa au ziko tupu.